Unga wa Nano Niliousingizia

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kopo. Nilikuwa nimetoka Kolwezi na cheti changu cha ufundi na viatu vipya vilivyonibana, nikafika Muanda, kwenye visima vya mafuta, nikidhani nitakabidhiwa mashine. Chef de chantier, yaani msimamizi wa eneo zima la kazi, alikuwa mtu wa Likasi, jirani na kwetu, mnene, mwenye sauti ya kukwaruza. Alinitia mkononi kopo la bati lililowahi kuwa na nyanya.

"Hii ni nini?" akaniuliza.

"Ni kopo, chef."

"Hapana. Hii njo macho yako. Kule chini hautafikaka. Utaangaliaka paka humu." Paka kwetu si mnyama, ni kusema "tu".

Niwaeleze ninyi vijana, maana kazi yetu haionekani. Kisima cha mafuta kikishachimbwa hushushiwa bomba la chuma. Kisha uji wa sementi husukumwa ndani ya bomba mpaka chini, nao hupanda kwa nje, kati ya bomba na mwamba. Ukishika, unaziba ile nafasi, ili maji na gesi visipande mahali pasipotakiwa. Yote haya hutendeka gizani. Kwa hiyo kila tukisukuma tulikinga uji kidogo kwenye kopo, tukaandika jina la kisima, tukaliweka karibu na injini penye joto. Kisima cha mafuta ni kirefu sana, na ardhi kadiri unavyoshuka huzidi kuwa ya moto.

Chef alikuwa na msemo wake: "Kopo ikishika, kisima ilishashikaka zamani." Tulibonyeza kwa ukucha. Ukucha ukiteleza, kazi inaendelea, ukizama, tunangoja. Miaka yote niliyokaa Muanda msemo ule haukunidanganya hata mara moja, nami nikauamini kama katekisimu.

Niliporudi Kolwezi niliajiriwa na kampuni ya kuchimba visima vya maji. Mafuta hatuna, lakini mashimo ya shaba yapo, na mashimo hujaa maji. Tulitoboa visima kuzunguka machimbo ya mahali paitwapo Mashamba ili maji yavutwe na mashine zifanye kazi pakavu. Vingine vilikuwa vya maji ya kunywa. Bomba ni lilelile, sementi ni ileile, ila visima ni vifupi, na maji yake ni baridi ya kuuma meno.

Chef de service wetu hapa, yaani mkuu wa idara, alikuwa mtu wa saa. Alingoja sementi siku mbili kamili, hata mvua inyeshe, hata mkurugenzi apige simu. Nikimwonyesha kopo langu limekauka kau, alicheka, akiniita tata, yaani baba.

"Tata Kabamba, sementi haina haraka. Weye njo uko na haraka."

Basi kopo likabaki desturi yangu tu. Nililijaza, nililiandika jina, nililibonyeza, na hakuna aliyeniuliza linasema nini.

Ndipo akaja Ingénieur Mwadi, injinia, binti wa mtaa wa Dilala, mtu wa maabara, mwembamba na mwenye maneno machache. Alileta dumu la kitu cheupe kama maziwa. Akasema ni maji yenye silika, ile iliyomo kwenye mchanga, lakini imesagwa ikawa chembe za nano, ndogo kiasi kwamba hata darubini ya shuleni haizioni. Sisi tuliita unga, ingawa ulikuwa majimaji. Nilimwambia wazi kwamba sielewi jinsi kitu kisichoonekana kinavyoweza kutia nguvu sementi.

"Tata, jaza gunia ya machungwa," akasema. "Inajaa?"

"Inajaa."

"Sasa mwanga maharagi," akafanya kama anayemwaga. "Inaingia mu nafasi, ao hapana?"

"Inaingia."

"Kiisha mwanga bunga. Na yenyewe inaingia. Ile bunga njo yangu."

Bunga kwetu ni unga. Akaongeza kwamba chembe zile huziba matundu ya sementi maji yasipenye, tena huifanya ishike upesi, siku mbili zikawa chini ya moja. Niliitikia kwa kichwa. Machungwa niliyaelewa. Sementi, ukweli ni kwamba nilibaki nimechanganyikiwa, na aibu ya kuuliza tena ilinizidi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mzee wa sementi.

Kisima cha kwanza cha unga wake kilikuwa Musonoi, cha maji ya kunywa ya cité, yaani makazi ya watu. Chini kulikuwa na maji safi. Juu kulikuwa na maji machafu yanayochuja kutoka kwenye machimbo. Sementi yetu ndiyo ilikuwa ukuta kati ya hayo mawili. Chef de service alikuwa likizo, na amri ya mkurugenzi ilikuwa fupi: kwa kuwa sementi hii ni ya upesi, Kabamba ndiye atakayesema lini imeshika.

Tulisukuma uji asubuhi. Nilikinga kopo langu nikaliweka juu ya kapo ya lori, kifuniko cha injini, juani, kama nilivyozoea. Mwadi alilitazama.

"Tata, ile kopo inapata jua."

"Acha ipate," nikamjibu. "Hata bwana arusi anapendaka joto."

Vijana wa mashine walicheka, nami nikacheka nao. Yeye hakucheka. Alichukua ndoo, akateka maji ya kisima, akaiweka karibu na lori, akasimama. Nilidhani anataka kunawa mikono.

Baada ya chakula cha mchana nilibonyeza kopo. Ukucha uliteleza kama juu ya kioo. Nikawaambia waendelee kuchimba chini ya bomba. Mashine ikanguruma, bomba likatetemeka, nami nikajiona mtu wa maana sana.

Wiki chache baadaye kina mama wa Musonoi walileta maji kwenye chupa. Yalikuwa ya manjano, yenye ladha ya chuma. Kisima kikafungwa, nao wakarudia kutembea mbali na madumu yao kichwani. Nilipita pale kwa moto-taxi, pikipiki ya kukodi, nikaona pampu imefungwa kwa mnyororo, nikainamisha uso.

Niliitwa kuandika ripoti. Swali lilikuwa moja: kosa ni la nini? Niliwaza mpaka kichwa kikauma. Visima vyangu vyote visivyo na unga vilikuwa vizima. Hiki chenye unga kimevuja. Kopo lilishika, na kopo halijawahi kunidanganya. Lakini pia vipande vya sementi ya unga kule maabara vilikuwa vigumu kuliko jiwe. Kila nilipoelekea nilikuta ukuta. Mwishowe niliandika kwamba unga wa Ingénieur Mwadi haufai kwa visima, nikatia sahihi. Dumu lilitupwa. Mwadi aliondolewa maabara, na mkataba wake haukuongezwa. Hakunijia kulalamika, nami nilichukulia kimya chake kuwa ni kukubali.

Nilistaafu nikiwa na saa ya ukutani na mkono niliopewa na mkurugenzi. Nyumbani Dilala nilianza kurekebisha vitu vidogo vidogo. Msimu mmoja wa baridi nilikoroga sementi kwenye beseni, ile ya kawaida, nikatengeneza kibaraza kuzunguka bomba la uani. Nusu ilikuwa juani, nusu kwenye kivuli cha ukuta, palipokuwa pabichi na baridi. Mchana nikaenda kubonyeza, mazoea hayana dawa. Upande wa jua ukucha uliteleza. Upande wa kivuli kidole kizima kilizama.

Nilichuchumaa pale nikitazama kidole changu. Mke wangu alitoka jikoni.

"Tata, unagonjwa?"

"Beseni ni moja," nikamwambia. "Sementi ni moja."

"Sasa?"

Nilifuta kidole kwenye suruali, na ndipo nikaona. Muanda kisima kilikuwa cha moto kuliko kopo. Musonoi kisima kilikuwa cha baridi, na kopo ndilo lililokuwa kwenye moto. Visima vingine vilipona kwa sababu ya saa ya chef de service, wala si kwa sababu ya ukucha wangu. Niliruhusu mashine itikise sementi iliyokuwa bado uji. Na ile ndoo ya maji ya kisima, Mwadi aliiteka ili nilitie kopo humo. Majuto ni mjukuu. Wangu alikuja akiwa tayari ana mvi.

Nilimtafuta. Anafundisha shule ya ufundi papa hapa mjini. Nilimkuta akisahihisha madaftari, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, nikamwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Minajua, tata. Tangu ile siku."

"Juu ya nini haukusema?"

"Nilisema. Ulicheka." Alifunga daftari. "Kuya kesho, uambie banafunzi. Wajue kopo inawekwaka wapi."

Kesho yake nilisimama mbele ya darasa na kopo la Musonoi, maana nilikuwa nimelitunza. Niliwasimulia kuhusu Muanda, machungwa na maharagwe, jua na ndoo, mpaka ripoti yangu na mtu aliyepoteza kazi. Jina la Mwadi sikulitaja; nilisema tu "injinia mmoja". Waliandika. Nilianza kujisikia mwepesi. Kisha msichana wa mstari wa mbele akanyoosha mkono.

"Tata, na ule ingénieur, balimurudishaka mu kazi?"

Nilimtazama Mwadi. Alikuwa ameketi nyuma, ameshika kopo lililokuwa likipitishwa mkono kwa mkono, akilibonyeza kwa ukucha.

"Jibu, tata," akasema. "Na mi nataka kusikia."

Nilisema hapana, hakurudishwa. Msichana akauliza kwa nini, ikiwa mimi sasa najua ukweli. Nilijikanyagakanyaga. Nilisema mambo ni ya zamani, machef wamehama, na kwamba msamaha nilishauomba. Hata mimi sikuelewa nilichokuwa nikisema.

Mwadi alinisindikiza hadi mlangoni, akanirudishia kopo.

"Tata Kabamba, ile kosa uliniwekeaka ku karatasi. Masamaha unaniletea paka ku kinywa."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, moto-taxi zikinipigia honi. Nilimwomba mke wangu kalamu. Bado sielewi vizuri zile chembe zinavyofanya kazi, wala sijui kama kampuni itasoma karatasi ya mzee aliyestaafu. Lakini hii ndiyo niliyoiandika, na chini yake naweka sahihi ileile niliyoiweka kwenye ripoti: unga wa Ingénieur Mwadi ulikuwa mzuri. Kisima cha Musonoi nilikiharibu mimi.

Kabamba, mtu wa sementi.