Jalebi ya Tatu

Juzi nimeshuka Ujiji kutoka Katubuka kufuata dagaa. Siku hizi wanaanikwa juu ya chanja za waya, safi kabisa. Sisi tuliwaanika mchangani, ukitafuna unasikia krr kwenye jino, unajua huyu wa kwetu. Nikapita ilipokuwa baraza ya Mama Mhindi, nikasimama. Sasa panauzwa simu. Nivumilie nikueleze, shule niliiacha mapema, na habari yenyewe ndiyo hiyo.

Bibi yangu alikuwa mwanika dagaa. Asubuhi unawatandaza kwa ufagio wa chelewa, saa sita unawageuza, na jicho lisitoke upande wa Kongo, maana mvua yetu inatokea huko, inavuka ziwa unaiona. Ukiiona unakusanya, unafunika turubai. Dagaa akinyeshewa anaoza, hata bata hamtaki.

Nyuma yetu alikaa Mama Mhindi, mjane mwenye duka la kanga, mzaliwa wa hapo hapo. Samaki hakula maisha yake yote. Alikuwa anapita kaziba pua kwa ncha ya sari.

"Bibi Dagaa, miungu yangu itanuka kama mtumbwi."

"Waonjeshe mchuzi," Bibi anamjibu, "watahamia kwangu."

Wanacheka. Bibi anampa mawese, yeye analeta dengu.

Siku ninayoisema, Bibi alikwenda Mwandiga kutafuta wanunuzi. Dagaa waliolala mchangani ndio sare yangu na daftari zangu, na shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. "Usiinuke hapo," aliniambia. Nikakaa. Kisha Mama Mhindi akaanza kukaanga jalebi, vile vitamu vyao vya kuviringwa na kuchovywa kwenye shira.

Ile harufu ilinishika mkono. Nikajiambia, hata kutoka barazani dagaa si ninawaona? Akanipa moja, shira ikachuruzika mpaka kiwikoni. Huku anakaanga anaimba maneno ya Kisanskriti, lugha ya kale ya kwao, aliyorithishwa na baba yake. Nikamwuliza anaimba nini. Akanipa ya pili, akaanza kukunja vidole. Swala anakufa kwa sikio, anapenda wimbo wa mwindaji. Nondo kwa jicho, anapenda taa. Nyuki kwa pua, ua linamfungia ndani. Tembo kwa ngozi, anamfuata jike mpaka shimoni. Samaki kwa ulimi, anapenda chambo.

"Wa kwetu wanakufa kwa jicho," nikamwambia. "Wanafuata karabai za wavuvi usiku."

Akaacha kukaanga, akanitazama. "Kumbe," akasema taratibu. "Aliyetunga hakuliona ziwa hili."

Mwili ulinisisimka. Mtu wa kale, ng'ambo ya bahari, hajui muhogo wala mawese, kamwangalia nondo kaona binadamu. Nikauliza, "Na mtu je?"

"Mtu ana milango yote mitano, mwanangu. Halafu wale hawauoni mtego. Mtu anauona."

Hapo nikageuza macho, nikaiona mvua. Imesimama katikati ya ziwa, nyeusi, kama kaniki iliyotundikwa. Muda nilikuwa nao. Lakini Mama Mhindi, aliyeligeuzia ziwa mgongo, alikuwa ananyoosha jalebi ya tatu, ya moto. Nikasema moyoni, hii tu.

Tulikimbia wote wawili, mvua imeshashuka. Yule mama alipiga magoti akawazoa dagaa kwa viganja ambavyo havijawahi kugusa samaki, sari yote matope. Hatukuokoa hata beseni moja.

Bibi aliporudi nikamwambia mvua ilikuja ghafla. Mama Mhindi alinitazama, akanyamaza. Jumatatu wenzangu wakaenda shule. Mwaka uliofuata miguu ya Bibi ikagoma, nami nikabaki mchangani moja kwa moja. Mpaka tunamzika, Bibi alikuwa akiisema vibaya ile mvua ya Kongo, na mimi namwitikia.

Wote wamekwenda, na baraza, na ule wimbo ambao sikushika hata neno lake. Nimebaki na vidole vitano. Juzi nimesimama pale navikunja kimoja kimoja, bado nashangaa alinijuaje yule mtu wa kale, andazi mkononi, mara upande wa Kongo kukawa kweusi kwa mvua. Wanawake wakakimbilia chanja zao. Mmoja akaniita, "Bibi, tusaidie, inakuja hiyo."

Niliiona vizuri kabisa. Andazi lilikuwa bado la moto. Nikang'ata kwanza, ndipo nikaenda.