Bi Madoa na Mkono wa Mkaguzi

Bi Madoa, mwalimu wa sanaa, aliolewa na dobi. Majirani walisema ile si ndoa, ni mradi: mke anachafua, mume anafua, anayekonda ni sabuni. Jina alipewa na mama mkwe wake, asubuhi aliyokuta shuka jipya la bibi harusi lina alama ya kiganja cha bluu, akauliza kama kwao maji yalikuwa ya kukopa.

Darasa lake lilikuwa chumba cha mwisho, jirani na choo, na mwalimu mkuu alikuwa amekikodolea macho siku nyingi. Alitaka kuweka humo madawati mabovu, ambayo kwa maoni yake yalikuwa na maisha marefu mbele yake kuliko sanaa. Akaapa kwamba mkaguzi akikuta watoto wanachezea rangi tena, somo linafutwa, mlango unapigwa kufuli. Bi Madoa afundishe ubaoni kama watu wengine: rangi za msingi ni tatu, watoto wanakili, kengele inalia.

Tatizo ni kwamba chaki ya shule ilikuwa nyeupe tu, na Bi Madoa hakuona vipi amweleze mtoto nyekundu kwa nyeupe. Kwake watoto walipakwa viganjani: safu ya mbele nyekundu, ya kati njano, ya nyuma bluu. Kisha wanasalimiana. Wa njano akimpa mkono wa bluu, wanafunua viganja, kijani huyo amezaliwa, na darasa zima linapiga vigelegele. Zambarau alipigiwa mara mbili, kwa sababu ni mzuri na anajijua.

Sasa, mwalimu mkuu naye alikuwa amewafunda watoto adabu wiki nzima: mgeni akiingia darasani, kila mtoto ainuke, amwendee, ampe mkono. Mkono kabisa, siyo kupunga kama mnafukuza nzi. Hakukumbuka kwamba lipo darasa moja ambalo mikono ina shughuli zake.

Mkaguzi akaingia na shati jeupe lililonyooshwa mpaka likawa na kiburi. Mwalimu mkuu nyuma yake, ndani ya suti ya rangi ya maziwa. Rangi viganjani bado mbichi. Watoto wakainuka, wakajipanga, wakamwendea. Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Mgeni angefanya nini? Huwezi kuupokea mkono wa kwanza halafu ukaukataa wa kumi. Katikati ya foleni akajifuta jasho, akajikuna shingo. Bi Madoa akaanza kulisikia kufuli likibana. Foleni ilipoisha, kiganja cha mkaguzi kilikuwa kahawia kama maji ya mtaro.

Mwalimu mkuu akakohoa kikohozi cha ushindi.

"Hii imetoka wapi?" mkaguzi akauliza. "Nimepewa nyekundu, nimepewa njano, nimepewa bluu. Hii hakuna aliyenipa."

"Umesalimia wengi mno, babu," msichana wa safu ya nyuma akamweleza kwa upole. "Ukitaka kitu kizuri, salimia wawili tu."

Mkaguzi alikuwa amekagua somo la rangi miaka yote bila kugusa hata tone. Akaenda kwenye ndoo akanawa, akakunja mikono ya shati, akaomba zambarau. Akampa mkono mtoto wa nyekundu, kisha wa bluu, akafunua. Akapiga kigelegele mwenyewe, kibaya, kama mlango unaodai mafuta. Kwa tamaa akatoa na mkono wa kushoto. Kisha akatamka kwamba chumba hiki kisiguswe na mtu, na furaha ilivyomzidi, akamshika mwalimu mkuu mabega yote mawili, kwa viganja vyote viwili, akampongeza kwa kuwa na shule yenye akili.

Madawati mabovu yamehamia ofisini kwa mwalimu mkuu. Suti ilihamia kwa dobi, jioni ileile. Dobi akaitandaza mezani, akazitazama zile alama, akamgeukia mkewe na sabuni mkononi.

"Iache hivyohivyo, mwanangu," mama mkwe akamkatiza. "Leo ndiyo mwenye suti amependeza."