Baba Alipotaja Kilima

Dada yangu mkubwa alikuwa anakwenda Ulaya, na mama hakuwa na raha hata kidogo.

Mwaka uliotangulia, vijana wa Kizungu walikuja kukaa na vijana wa parokia yetu hapa Nyakakika. Sasa ilikuwa zamu yetu kwenda kwao. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja, na wageni wenyewe walimtaka dada. Nani mwingine? Ndiye aliyewafundisha kumenya ndizi, akawaongoza kwenye kwaya, akawauguza walipopata malaria. Wivu kijijini ulikuwa wa kukatwa kwa kisu, jamani, lakini hakuna aliyethubutu kusema hakustahili. Kilichobaki ni pasipoti tu.

Sasa hapo ndipo mama alipokosa usingizi. Baba alitoka Rwanda akiwa kijana, akaja kuchuma kahawa za watu huko Kituntu, akapewa kibanja, kishamba cha migomba, akaoa. Sisi wote tulizaliwa hapa. Zamani hakuna aliyejali. Ila miaka ile ya tisini mwanzoni vita vilikuwa vimeanza ng'ambo ya mto, huko Rwanda, na watu waliokunywa kwetu tangu nizaliwe wakaanza kuulizana nani katoka wapi.

Kwetu, mtoto akisafiri mbali, baba husimama na kibuyu cha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, akawataja babu zake mmoja mmoja hadi kilima walikozikwa. Usipofanya hivyo umemtoa mtoto kama yatima. Mama alimsihi baba safari hii aache. Baba alinuna wiki nzima.

Siku ya kuaga, mwenyekiti wa kijiji akaja na mgeni ambaye hatukumwalika, bwana mmoja wa ofisi ya uhamiaji wilayani. Mama alipomwona alisahau hata kumkaribisha kiti. Tulikula, kwaya ikaimba, nikaanza kupumua. Baba akasimama na kibuyu.

Nilimwona mama akimvuta koti. Hakujali. Akawataja wote kwa sauti ya kanisani, machozi yakimtoka, hadi kilima. Yule bwana akamsikiliza kwa adabu kabisa. Kisha akauliza, taratibu, kama anayeuliza bei ya kahawa:

"Hicho kilima kiko upande gani wa mto, mzee?"

Na baba yangu, Mungu wangu, akamjibu kwa fahari, na njia ya kufika akamwelekeza.

Pasipoti haikutoka. Padri alikwenda wilayani akarudi mikono mitupu. Aliyesafiri ni binti mwingine, hata wimbo hajui kuanzisha, na mpaka leo damu inanichemka. Lakini yule bwana alikuwa hajamaliza na sisi. Alirudi na mgambo, akasimama uani, akatunyooshea kidole sisi wadogo.

"Na hawa je?"

Mama akasema wamezaliwa hapa. Yule bwana akasema tutaona, akaenda zake.

Dada aliviweka pembeni viatu vya safari, akachukua jembe. Nilimfuata migombani. Nilidhani analia, kumbe alikuwa na hasira tu. Akanishika bega.

"Ukiulizwa kwenu wapi, sema Nyakakika. Usiongeze neno."

Nikamwuliza, kwani si ndiko kwetu?

Akaendelea kulima.