Kitanda cha Pili

Kutoka Kilwa ya ziwani, si ile ya pwani, hadi Elisabethville nilikaa siku sita juu ya magunia ya samaki wakavu. Mara mbili tulishuka kwenye lori tukakata miti ya kutandika daraja lililochukuliwa na maji. Siku ya sita, kabla sijaona nyumba hata moja, niliona dohani ya kiwanda cha shaba imesimama mbinguni, nikavua kofia kama mtu anayeingia kanisani.

Nilifikia kwa baba mdogo, fundi wa kushona. Mguu wake ulikuwa umevunjika kwenye reli, hakuweza tena kwenda sokoni kila siku. Alitaka kushonea nyumbani. Lakini katika sité, mtaa wa Waafrika, nyumba ilikuwa ya kulala. Mwenye kufanya biashara ndani yake alihitaji kibali, na kabla ya kibali mzungu wa ofisi alikuja kukagua. Bila kibali, cherehani ingechukuliwa. Nilistaajabu. Kwetu ziwani mtu hushona nyavu popote penye kivuli. Hapa karatasi ilijua kila mtu anashonea wapi na analala wapi.

Mtaa ulikuwa na desturi yake. Karibu kila nyumba ilikuwa na wageni wasio na ruhusa, kwa hiyo mkaguzi akionekana, mikeka na vyombo vya ziada vilirushwa juu ya ua hadi kwa jirani. Asubuhi mkaguzi alipokuja kwa ajili ya kibali chetu, majirani walitusaidia kwa moyo wote, wakapitiliza. Walipomaliza, ndani mlibaki cherehani na kiti.

Mzungu akaingia, akapima dirisha, akatazama pembe zote nne.

«Nani analala humu?»

«Miye na bibi yangu, bwana,» akajibu baba mdogo.

«Wapi? Juu ya mashini? Kibali iko ya muntu anaishi mu nyumba yake. Hii iko magazini, iko duka. Hapana.»

Akafunga kitabu chake. Baba mdogo akamwomba asubiri. Mama mdogo, mkewe, akatoka mbio hadi barabarani.

«Bamama! Murudishe vitanda! Bwana anatafuta usingizi yetu!»

Nimetembea miji mingi tangu hapo, sijaona tena jambo kama lile. Barabara nzima iliinuka. Kitanda kikaja vichwani mwa wanawake wanne, nyuma yake masufuria, picha ya Bikira Maria, kinu, na kuku ambaye hakuwa wetu. Kisha kikaja kitanda changu.

«Na hii ya pili, ya nani?»

 Mimi sikuwa na ruhusa ya kulala pale.

«Ya mutoto ya yaya yangu, ndugu yangu mukubwa,» akasema baba mdogo. «Ametoka Kilwa. Analalaka humu.»

Mzungu aliwatazama wale watu wote wamesimama na vyombo vyetu mikononi. Akafungua kitabu, akaandika: kushona, ruhusa, watu watatu, vitanda viwili. Muhuri ulipogonga karatasi, hata kuku alitulia.

Nililala kwenye kitanda hicho miaka tisa, mingi kuliko mahali pengine popote maishani mwangu. Kisha miguu ikaniwasha kwa hamu ya safari. Siku niliyoondoka moja kwa moja, nikiwa na tiketi ya treni mfukoni, nilitazama karatasi ile ya kibali ukutani ndani ya kioo chake.

«Baba, twende ofisi banifute mu karatasi.»

Hakuinua macho kwenye kitambaa.

«Bakufute juu ya nini? Muzungu akikuja kukagua, kitanda ataikuta.»

«Na muntu?»

«Tutamwambia ametoka kidogo.»

Mama mdogo alikuwa amekwisha kutandika shuka safi. Niliisikia cherehani mpaka mwisho wa barabara.