Ubao Uliogeuzwa

Asubuhi aliyorudi kazini baada ya kuugua, Mama Vifungo alikuta duka lake liko wazi, na hakuna kilichoibwa, hata pini.

Alisimama ukingoni mwa barabara, mkoba begani, akakodoa macho. Mbao za mlango zilikuwa zimetolewa na kuegemezwa ukutani kwa mpangilio, vile vile alivyozoea kuziegemeza yeye tangu duka lilipokuwa la mama yake. Ndani, makopo ya vifungo yalikaa kwenye rafu kama alivyoyaacha: vyeusi, vyeupe, vya koti, vya shati la mtoto. Zipu zilining'inia kwenye misumari yake. Kigoda chake kilikuwa kimefutwa vumbi. Mwizi gani huyu, alijiuliza, anayefuta vumbi?

"Karibu, mama," alisema muuza taulo wa duka la kushoto, kwa sauti ya mtu aliyeingia msibani. "Leo usijisumbue. Keti tu."

"Nani kafungua hapa?"

"Sisi. Mzee Saa katoa ufunguo wa akiba, tukasaidiana. Keti, mama."

"Mmenifungulia kwa nini? Mimi nimekatika mikono?"

Muuza taulo alimtazama kwa huruma, akaingia dukani kwake. Mama Vifungo akaketi, maana miguu bado haikuwa na nguvu, lakini aliketi nusu kigoda, tayari kuinuka.

Ulikuwa mtaa wa maduka wa zamani, wenye nguzo nene na baraza iliyoanzia kona moja hadi nyingine. Humo habari zilitembea kuliko wateja. Mtu akikohoa kwenye duka la kwanza, kwenye duka la mwisho watu wanaulizana atazikwa lini. Mama Vifungo aliujua mtaa huo ndani nje, na hakuupenda. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa upande wa pili wa barabara, mlango ukitazamana na mlango wake, ikiuza masanduku ya safari.

Yule alikuwa mumewe zamani. Watu walimwita Masanduku. Miaka mingi nyuma alihamia kwa mwanamke mwingine, na mama yake mzazi, kikongwe asiyejiweza, akamwacha nyumbani kwa mke aliyemkimbia. Alibeba viatu vyake vyote, mama akamsahau. Mama Vifungo alimwogesha yule bibi, akamlisha kwa kijiko, akambadilisha nguo mchana na usiku, mpaka siku alipokata roho mikononi mwake. Mazishi hayajapoa, mtaa mzima ukawa unajua kwamba Mama Vifungo alimfukuza mama mkwe mgonjwa, bibi wa watu akaenda kufia kwenye chumba cha kuazima. Nani kasema? Masanduku kasema, tena huku anafuta machozi kwa leso. Nani atambishia mwanamume anayemlilia mama yake?

Alijitetea mpaka sauti ikamkauka. Kila akieleza, watu waliitikia "ndiyo, ndiyo" huku wakitazama pembeni. Mama wa cherehani, fundi nguo aliyekuwa shoga yake wa kufa na kuzikana, aliacha kumsalimu. Fundi huyo alikaa milango miwili tu kutoka hapo, lakini vifungo alivifuata mtaa wa juu, juani, kilima kwenda na kurudi, ili asiguse mkono uliomtupa mgonjwa.

Mara kadhaa mwanawe alimwambia, "Mama, liache duka, uje ukae kwetu." Alikataa. Hakukaa pale kwa mapenzi ya vifungo. Alijua siku akiondoka, uongo ule utabaki peke yake barabarani, hauna wa kuubishia, na mwishowe utakuwa ndiyo kweli yenyewe.

Basi asubuhi hiyo mambo yalizidi kwenda kombo. Muuza simu aliingia bila hodi, akatandaza utepe wa kupimia ukutani.

"Unapima nini, baba?"

"Endelea tu na yako, mama. Napima ukuta."

"Ukuta wangu umekukosea nini?"

"Hapana, haujakosa kitu," alisema, akaandika kwenye kiganja, akatoka.

Muuza mikate alileta ngazi aliyoazima mwaka ambao paa lake lilivuja. Mama Vifungo alikuwa ameshaisahau. Muuza vioo, mwanamke mwenye mdomo kama wembe, alimkumbatia na kusema, "Dada, kama nilikukosea, nisamehe. Tumeishi vizuri." Vizuri lini? Huyu huyu ndiye aliyewahi kumwita mchawi mbele ya wateja! Akaja kinyozi, naye akaomba msamaha, kwa kosa ambalo hakulitaja. Akaja mwanamke wa vitambaa na chupa ya chai, akammiminia, akasimama kumwangalia akinywa kama anayemwangalia mtoto.

Hapo ndipo alipokiweka kikombe chini. Alikuwa ametoka hospitali juzi. Daktari alisema ni kifua tu, akampa vidonge. Lakini sasa alikumbuka jinsi daktari yule alivyoishika picha ya kifua chake kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu, akaguna. Kwa nini aliguna? Inawezekana habari ya kifo chake imefika mtaani kabla ya kumfikia mwenyewe? Kwa mtaa ule, ingewezekana kabisa. Alijigusa shingo, akajigusa paji la uso. Akajikohoza kidogo kujaribu. Kikohozi kilikuwa kile kile cha jana, tena chepesi. Mbona basi wote wananiaga?

Alipoona akili inamzunguka kama pia, akamwita Mzee Saa. Huyu alikuwa fundi wa saa wa duka la kulia, mkongwe kuliko wote mtaani, ndiyo maana alikabidhiwa funguo za akiba za safu nzima. Alikuja na kioo chake cha kazi kikiwa bado jichoni, akakaa kwenye boksi la zipu.

"Mzee wangu, usinifiche. Mimi nakufa?"

Mzee Saa alitoa kioo jichoni. "Nani kakwambia?"

"Nyinyi nyote, tangu asubuhi!"

"Sisi tunakuaga kwa sababu unafunga duka, mwanangu. Ubao wako wa kati ulikuwa umegeuzwa."

Mama Vifungo aligeuka kuzitazama mbao zilizoegemezwa ukutani. Alijua sana maana ya ubao wa kati. Maduka yote ya baraza ile yalifungwa kwa mbao zinazoteleza kwenye mfereji wa mlango, na ubao wa kati ndio uliowekwa mwisho, wenye kufuli. Mbao zilipakwa rangi upande wa nje. Mwenye duka anayeondoka moja kwa moja hakutangaza kwa mdomo. Jioni aligeuza ubao wa kati, upande usio na rangi ukaangalia barabara. Kesho yake majirani walimfungulia wao, wakamrudishia vyake, wakamwomba radhi, na jioni walimfungia wao. Ndivyo wazazi wao walivyofanya kwenye baraza ile, ila miaka mingi hakuna aliyeondoka, ndiyo maana hakulifikiria.

"Lakini mimi sikufunga," alisema polepole. "Nilikuwa kitandani. Aliyefunga jana ni mkwe wangu."

Akatoa simu, akampigia mke wa mwanawe.

"Mwanangu, ule ubao wa kati uliuwekaje?"

"Niligeuza rangi ndani, mama. Nilisikia mvua itanyesha, nikaona rangi isije ikabanduka. Nimekosea?"

"Hujakosea, mwanangu. Umeniua tu na kunizika. Tutaonana jioni."

Mzee Saa alicheka mpaka akashika ubavu. "Ngoja nikawaambie," alisema, akajiinua. "Kijana wa simu ameshaanza kupigia hesabu rafu zake."

Ndipo Mama Vifungo alipotazama nje na kumwona Masanduku anavuka barabara. Mtu ambaye tangu mazishi ya mama yake hakuwahi kuvuka, hata mvua inyeshe upande wake na jua liwake upande huu. Alikuwa amevaa shati la kutokea, mikono nyuma.

"Keti kwanza, mzee," alisema Mama Vifungo, akamvuta Mzee Saa kwa shati. "Keti. Usiseme neno."

Masanduku alisimama mlangoni, akajaza mlango wote.

"Nimekuja kama walivyokuja wengine," alisema. "Leo si siku ya kununiana."

"Karibu."

"Basi ndiyo hivyo. Nisamehe."

"Nikusamehe kipi?"

"Unakijua."

"Mimi natoka kuumwa, kichwa hakishiki vitu. Niambie."

Masanduku alimtupia jicho Mzee Saa, ambaye alikuwa ameinamia saa isiyokuwepo mkononi. "Lile la mama," alisema kwa sauti ya chini.

"Sikio hili halisikii vizuri siku hizi. Lipi la mama?"

"Nilisema ulimfukuza."

"Na mimi nilimfukuza?"

"Hukumfukuza."

"Alifia wapi?"

Barabarani mkokoteni ulipita na kelele zake, Masanduku akasubiri upite, na Mama Vifungo akasubiri naye. "Kwako," alisema. "Kitandani kwako. Wewe ndiye uliyekuwa naye. Mimi nilikuja kubeba jeneza tu. Niliona haya. Ningewaambia nini watu? Kwamba mama anakufa na mimi niko kwa mwanamke?"

"Ungewaambia hivyo hivyo."

Alikuwa ameyangoja maneno hayo miaka yote. Kitandani, jikoni, akipanga vifungo kwa rangi, aliyapanga na majibu yake: atapiga kelele, atamcheka, atamwambia yale yaliyomkaa kooni. Sasa yamekuja yote, na kooni hakuna kitu. Moyo haukuruka wala haukutulia. Aliona tu kwamba mwanamume huyu amezeeka, na kwamba kifungo cha pili cha shati lake kimeshonwa kwa uzi usiofanana. Kwa nini alikuwa akitazama uzi wakati kama ule? Hakujua.

"Ahsante," alisema. "Sasa rudi kwako, kuna mteja mlangoni. Mimi sifungi duka."

"Hufungi?"

"Mkwe wangu aligeuza ubao kwa kuogopa mvua."

Masanduku aliiva uso. "Umenitega! Mwanamke wewe, umenitega!"

"Nimekaa kwenye kigoda changu. Aliyevuka barabara ni nani?"

"Basi niliyosema nayarudisha!"

Mzee Saa aliinua kichwa. "Kinachorudishwa ni sanduku lenye zipu mbovu, bwana. Haya mimi nimeshayasikia."

Masanduku alirudi kwake bila kuangalia magari, dereva mmoja akamtukana mama yake, tena siku hiyo hiyo. Mzee Saa naye akaondoka, kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo mtamu mdomoni. Mtaa ule ulipeleka uongo kwa dakika. Kweli ilichukua mchana mzima kusambaa, lakini ilifika. Muuza simu alipita akiwa ameukunja utepe wake, akasema "pole, mama," haijulikani pole ya nini. Muuza mikate alirudi kuichukua ngazi.

Jua lilipokuwa limeinama, mama wa cherehani akasimama mlangoni. Alikuwa amenenepa. Kumbe mtu unaweza kumwona kila siku kwa mbali na usijue kwamba amenenepa.

"Vifungo vya koti," alisema. "Vyeusi. Dazeni."

Mama Vifungo alishusha kopo. Likamponyoka, vifungo vikamwagika, wakaviokota wote wawili, vichwa vikikaribiana chini ya rafu.

"Vya kule juu vinapasuka," alisema fundi, akiwa bado ameinama.

"Najua. Na bado ulivinunua."

"Nilivinunua."

Hakusema nisamehe. Mama Vifungo aliusubiri msamaha huo, akakasirika haukuja, kisha akashukuru haukuja, maana siku ile aliombwa radhi na watu wengi mno na hata mmoja hakumshibisha.

Majirani wakaja kufunga. Wote walishajua kwamba ni kosa, lakini walikuja hivyo hivyo, labda kwa haya, labda kutazama. Walipachika mbao moja baada ya nyingine mpaka pengo la kati likabaki peke yake. Mama Vifungo aliuchukua ubao wa mwisho mwenyewe, akasimama nao kifuani.

Na hapo akakwama. Alikaa mtaani humo ili uongo usibaki peke yake. Sasa uongo umekufa. Kwa mwanawe kuna chumba, kuna kitanda, hakuna sura ya Masanduku kila akiinua macho. Aligeuza ubao, upande wa rangi ukamwangalia yeye. Akaugeuza tena. Majirani wakatazamana. Mzee Saa akakohoa. Yeye mwenyewe hakujua mikono yake inataka nini, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza, kwa kuwa wote waliokuwa hapo waliwahi kuuamini uongo ule.

"Kesho nitaleta lile koti," alisema mama wa cherehani nyuma yake. "Nataka unichagulie cha shingoni. Mimi siku hizi sioni vizuri."

Mama Vifungo aliuteremsha ubao kwenye mfereji, rangi nje, akapiga kufuli, akalivuta kuhakikisha.

"Kwa leo," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.