Maji Yasiyotuliwa Chini

Mimi, ndugu yangu, nilikwisha kusema zamani: hakuna kitu duniani cha kunishangaza. Mtu aliyeacha shule terceira classe, yaani darasa la tatu tu, akauza pweza wa kuchemsha kwenye sinia, leo ana magari mawili ya barafu yanayobeba samaki kutoka Mucojo hadi kambi za watu wa gesi, huyo umshangaze na nini? Wazungu nimekula nao. Wakubwa wa serikali wamenisubiri barazani kwangu. Kumbe lilikuwa linanisubiri moja, uwanja wa ndege wa Pemba, hii yetu ya kusini ya Ruvuma, si ile ya kisiwani, mbele ya mashine ya kupitishia mikoba, binti yangu wa miaka mitano amekumbatia chupa na hataki kuiachia.

Tulikuwa tunakwenda Dar es Salaam, mimi, mke wangu na watoto watatu wadogo, pasaporti zote mpya. Bibi aliyenilea alikuwa kwa shangazi huko tangu kijiji chetu cha Afungi kizungushiwe ua wa waya na watu wa gesi. Wenzake walipewa nyumba mpya za bati, yeye akakataa. "Siwezi kuanza uzeeni kujifunza mlango," alisema. Basi siku moja shangazi akapiga simu: mama hali chakula tena, ameomba kitu kimoja tu, maji ya kisima chetu.

Ah, kisima kile. Kilikuwa nyuma ya jiko la bibi, mdomo umejengwa kwa mawe ya matumbawe, na kamba ya makumbi ilikuwa imeula ukingo mpaka ukafanya mfereji wa kuingia kidole. Alfajiri, kabla ya kwenda chuoni, kazi yangu ilikuwa kujaza mtungi. Hata leo nikisikia kopo linapiga maji tumbo hunguruma, maana baada ya sauti ile ilikuja harufu ya mihogo ya kuchemsha na ng'onda, samaki mkavu, aliyechomwa juu ya makumbi. Maji yenyewe yalikuwa na chumvi. Mwalimu wetu wa chuoni, mtu wa Lindi, alilalamika miaka yote kwamba chai ya kwetu ni mchuzi. Bibi akamjibu, "Basi mwalimu leta samaki, tutie."

Kwetu, mtu akiumwa mbali hupelekewa maji ya kisima cha kwao. Na maji hayo yana adabu yake. Huchukuliwa mkononi au mapajani, hayawekwi pamoja na mizigo, wala hayatuliwi chini mpaka yamfikie mwenyewe. "Maji yakituliwa yamefika," alisema bibi. Yaani yamefika hapo hapo, mgonjwa hana chake tena. Mjomba aliposhikwa na homa dagoni, ile kambi ya wavuvi kule Rongui, nilitumwa mimi, mtoto, kwa mashua, na galoni mapajani. Mawimbi yakaturusha, nikatapika pembeni, galoni sikuiachia. Wavuvi wakanicheka: "Mkeo huyo, bwana mdogo?" Mjomba akanywa, akalala, akaamka akiomba uji. Sema utakavyo. Mimi niliona.

Kwa hiyo shangazi alipopiga simu, sikuuliza la kufanya. Kisima kilikuwa ndani ya ua, lakini mmoja wa walinzi alikuwa mtoto wa jirani yetu wa zamani. Nikamtafuta, nikamlainisha. "Kaka, umewahi," akaniambia, "wiki hii greda linafukia." Akateka lita mbili, akanipitishia kwenye waya, mkono kwa mkono. Njia nzima hadi Pemba yalikuwa mapajani pangu, dereva ndiye aliyenilisha mkate.

Ningeweza kuvuka Ruvuma na kupanda mabasi kama watu wangu wote. Sikutaka. Watoto wangu mimi wapande ndege! Na nilikuwa nimewaona wageni wa kambini, mtu anakwenda nchi ya tatu na kimkoba kimoja cha magurudumu. Magunia ni ya maskini. Nikaamuru: hakuna mzigo wa kukabidhi, kila mtu na mkoba wake wa mkononi. Mke wangu akayagawa maji katika chupa tatu, kila mtoto yake, na neno la bibi nikawafundisha wakalishika kuliko alifu.

Pale kwenye mashine, afisa, msichana mwenye glavu, akatikisa kichwa. "Líquido não passa, patrão." Maji hayapiti.

"Ni dawa," nikamwambia.

"Dawa ina karatasi ya daktari. Hii ina nini?"

"Ina kisima."

Hakucheka. Alisema, kwa upole hata, turudi kaunta, chupa zifungwe ziende tumboni mwa ndege na mizigo. Mke wangu akanivuta mkono: "Baba watoto, kubali. Heri yafike yamelala kuliko yasifike."

"Yakituliwa yamefika. Wewe wa mjini hujui."

Foleni ikaanza kuguna. Jamaa mmoja nyuma akapaza sauti, "Mzee, ndege haingoji kisima!" Afisa akafungua pipa la taka. "Yanywe au yamwage." Na yule binti yangu analia, "Baba kasema tusiweke chini!"

Nikasema, nyweni.

Mkubwa akanywa. Binti akanywa huku analia. Mdogo akatema yote kwenye shati. Mimi nikamalizia mabaki, na yalikuwa yale yale, ndugu yangu, ile chumvi inayobaki nyuma ya ulimi, na juu yake harufu ya plastiki.

Tulipofika kwa shangazi, bibi alinyoosha mkono kabla ya salamu. "Yako wapi?"

Binti akajibu, "Tumekunywa sisi, bibi. Pale kwenye mashine."

"Yakoje?"

"Ya chumvi."

Bibi akacheka bila sauti. Akamvuta mtoto, akasogeza pua kwenye kinywa chake, akanusa muda mrefu. "Hamna," akasema. "Ana harufu ya biskuti." Biskuti za ndegeni. Akageukia ukutani. Shangazi akamletea maji ya bomba, bibi akafumba midomo. Ijumaa tulimzika huko huko.

Nilirudi Afungi kutazama. Kupitia waya niliona kokoto zimesawazishwa na makontena yamepangwa juu yake, hata kidole sikujua nikielekeze wapi. Hakuna tena anayesikia kopo likipiga maji nyuma ya jiko, wala wa kulalamikia chai. Wanangu wanakunywa maji ya dukani, leo ya nchi hii, kesho ya ile, na hawaumwi. Wale wenzangu tuliokuwa tukigombania kamba ya kisima wametawanyika kila mmoja na bomba lake.

Mimi ni mtu wa biashara, sifichi bei ya maji yale. Mlinzi, mafuta ya gari, tiketi za watu watano, sanda, na kaburi katika mji usiokuwa wake: metikali za kwetu laki moja na sabini na nane elfu, mia sita na arobaini.