Nilivyoisingizia Saumu

Mimi ni muuguzi, na Ramadhani hii nilijiaibisha mbele ya foleni nzima ya zahanati yetu ya Bondeni. Bi Rukia alisema amechoka. Nikamwambia ni saumu. Ana kichefuchefu; nikasema ni njaa. Taya linamuuma, nikalaumu nyama ya daku. Jasho jembamba nikalisukumia joto la Mombasa. Dalili zile kwa pamoja zilikuwa zikipiga kelele kuwa ni moyo, nami, bingwa wa mabingwa, nilizisikiliza mojamoja.

"Nenda ukapumzike, bibi. Ukifuturu utapoa."

Akajishika ukutani, akihema.

"Nifuturu nini, mwanangu? Mimi sikufunga. Si wewe mwenyewe uliyenikataza, kwa sababu ya sukari yangu?"